Namba zikiruka si wizi jamani

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Kuna watu wakiona kwenye databesi risiti imetoka 41 ikaenda 43 wanaanza kuulizana nani kaifuta 42, mi mwenyewe niliwahi kukesha naitafuta namba kama hiyo kumbe haikuwahi hata kuhifadhiwa. Iko hivi, databesi ina kihesabio chake pembeni, ukiingiza rekodi inakupa namba inayofuata hapohapo, sasa muamala (kundi la mabadiliko yanayohifadhiwa kwa pamoja) ukikwama katikati ukarudishwa nyuma data inaondoka ila namba hairudi. Na ni makusudi, maana ingekuwa inasubiri kila mtu amalize ndo impe mwingine namba, foleni ingekuwa balaa. Programu ya databesi ya PostgreSQL iko hivyo, MySQL nayo (toleo la kabla ya 8.0 lilikuwa na kituko, ukiizima na kuiwasha, InnoDB, yaani injini yake ya kuhifadhi data, inahesabu upya kuanzia namba kubwa iliyobaki, kwa hiyo ukiwa umefuta rekodi ya mwisho namba yake anapewa mwingine!). Mnaotaka risiti zisizoruka wekeni safu (kolamu) yake peke yake, ufunguo mkuu, yaani hiyo namba inayotolewa na databesi, kazi yake kutofautisha rekodi tu, kufuatana haujawahi kuahidi.

Msomaji wenu, mtunza databesi