Barua kwa Mwende kuhusu kadi za kudurusu

Nairobi, Jumapili jioni

Mpendwa Mwende,

Salamu nyingi. Uliniuliza kama programu za akili bandia zinazotunga kadi za maswali zinasaidia, ama ni kumaliza bando bure. Zinasaidia, ila soma haya kabla hujazipa noti zako zote za famakolojia, somo letu la dawa.

Muhula uliopita nilipiga picha kurasa 12 za noti zangu, na kabla chai haijapoa nikawa na kadi 80. Nilifurahi mno! Nikazipitia ndani ya matatu ya Rongai, foleni ya barabara ya Lang'ata imegoma kusonga, nami nabonyeza tu: najua, najua, najua. Ikaja ya digoksini: "miligramu 250 kwa siku." Nayo nikaibonyeza. Tulikuwa tumeshapita kituo kizima ndipo nikashtuka. Mimi niliandika mikrogramu 250, kwa mwandiko wangu wa mbiombio, na programu ikasoma miligramu. Mara 1,000! Na hiyo ni dawa ya moyo, Mwende.

Mashine ilikosea, sawa, lakini aliyebonyeza "najua" ni mimi. Jibu likiwa mbele ya macho kila mtu analijua. Siku hizi nafunika jibu, nalitamka kwa sauti, ndipo nafunua.

Kadi za kwanza naandika mwenyewe, kwenye vipande vya manila. Nikimaliza ndipo naiomba programu inichokoze kwa maswali ambayo sikuyafikiria, na kila jibu lake nalipeleka kwa kitabu kwanza. Hapo inanifaa kweli. Imewahi kuniuliza kwa nini potasiamu ikishuka digoksini inageuka sumu upesi, nikabaki kimya.

Ratiba ya kurudia kadi nayo naiachia Anki, programu ya kadi za kudurusu. Iko tangu 2006, kwenye Android ni ya bure, na kadi zikishaingia kwenye simu huhitaji intaneti. Uliyokosa inarudi mapema, uliyopata inakaa siku kadhaa, kisha wiki, kisha mwezi. Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima kumbukumbu zake mwenyewe, aliandika tangu 1885 jinsi tunavyosahau haraka siku za mwanzo. Ndiyo maana ile tabia yetu ya kukesha usiku mmoja kabla ya mtihani ilikuwa inatuumiza.

Kadi zangu za moyo nitazituma kwa basi la Ijumaa. Zipitie na kitabu mkononi, na ukipata kosa nipigie siku hiyo hiyo.

Wako,
Achieng