Mstari wa saba tusiupite mbio

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme neno kuhusu Krismasi. Kila mwaka tunalalamika kwamba sikukuu hii imemezwa na manunuzi na sherehe. Ni kweli, lakini malalamiko hayo nimeyasikia miaka nenda miaka rudi, na hayajanisogeza karibu na Mungu hata hatua moja. Kilichonisogeza ni mstari mmoja wa Injili ya Luka, na nilikuja kuuelewa kazini.

Mimi ni mkunga. Nimestaafu baada ya miaka 31, na mikesha ya Krismasi niliyokesha wodi ya wazazi ni mingi kuliko niliyokesha kanisani. Kwa muda mrefu jambo hilo liliniuma. Wenzangu wako kwenye ibada ya usiku, mimi nimevaa glovu, najiona kama niliyefungiwa nje ya sikukuu.

Mkesha mmoja aliletwa binti wa miaka kumi na tisa hivi, uchungu umemshika akiwa safarini. Hakuwa na mtu wala kipande cha nguo ya mtoto. Alijifungua salama saa tisa kasorobo usiku, mtoto wa kiume. Mtoto mchanga hutoka ameloa, na joto humtoka upesi mno. Akishapumua vizuri, kazi ya mkunga ni kumkausha, kumlaza kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi na kuwafunika wote wawili, joto lake lisishuke chini ya nyuzi 36.5. Niliwafunika kwa sweta yangu juu ya shuka. Yule binti akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, nimshikeje?" Nikaichukua mikono yake nikamwonyesha.

Asubuhi nilipotoka zamu nilifungua Biblia ndogo niliyokuwa nayo mkobani, Luka 2, mstari wa 7: "Akamzaa mwanawe, kifungua mimba, akamvika nguo za kitoto, akamlaza katika hori ya kulia ng'ombe." Nimeusikia tangu utotoni. Siku ile niliusoma kwa jicho la mkunga. Akamzaa, akamvika, akamlaza: kazi zote tatu ni za Mariamu. Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu mpendwa, hataji mkunga, hataji mama mkwe wala shangazi. Huenda walikuwapo, ila yeye hakuwaandika. Ametuachia mikono ya mwanamke aliyetoka kuzaa sasa hivi, inamfunga mtoto kitambaa asipigwe na baridi.

Nilikaa kwenye benchi nikalia. Tangu Mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, Wakristo tunakiri kwamba Yesu ni Mungu kweli kwa Mungu kweli, na maneno hayo nayajua kwa moyo. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba huyo Mungu kweli alihitaji kukaushwa. Kwamba angeachwa wazi kidogo tu, angepoa kama mtoto mwingine yeyote niliyewahi kumpokea. Usiku kucha nilidhani nimeikosa Krismasi, kumbe nilikuwa naishika mkononi.

Fransisko wa Asizi alilijua hili zamani. Mwaka 1223, pale Greccio, nchini Italia, aliandaa hori, majani makavu, ng'ombe na punda, ili watu waione kwa macho yao shida aliyozaliwa nayo mtoto yule. Mahori yetu ya siku hizi mara nyingi yanamwonyesha mtoto karibu uchi, amenyoosha mikono, anatabasamu. Kila nikimwona hivyo natamani kumfunika.

Wachungaji, mapadre na ninyi mnaosoma masomo, nawaomba jambo moja. Mkesha huu mkifika mwisho wa mstari wa 7, msikimbilie kondoo na malaika. Nyamazeni kidogo. Ndani ya kanisa lenu yumo mama aliyejifungua bila mtu wa kumshika mkono. Yumo aliyemvika mtoto wake nguo kwa mara ya mwisho. Yumo anayemgeuza baba yake mgonjwa kitandani kila usiku, anambadilisha shuka, anamfunika, na hakuna anayemwona. Wote hao wanaijua kazi ya Mariamu. Wapeni muda waisikie kabla kwaya haijasimama.

Mwaka huu sina zamu. Nitakuwa nimekaa nanyi, nikisikiliza.

Mkunga mstaafu