Bomba la kiyoyozi halikisiwi

Mhariri,

Joto la kaskazi hapa Malindi linaongeza viyoyozi majumbani, na bado wapo mafundi wanaounganisha mashine ya ndani na ya nje kwa bomba lolote la shaba walilo nalo. Mashine ya BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kwa kawaida hutaka bomba jembamba la inchi 1/4 na nene la 3/8. Ya 18,000, 1/4 na 1/2. Kitabu cha mashine ndicho kiamuzi.

Bomba nene likiwa dogo, gesi inayorudi hubanwa, chumba hakipoi na kompresa, yaani pampu ya gesi, huchemka. Likizidi ukubwa ni hatari vilevile, ingawa wengi hudhani ni nafuu, hasa mashine ya nje ikiwa juu ya paa: gesi hupoteza kasi, hushindwa kupandisha oili ya kompresa, nayo oili hutuama bombani huku kompresa ikikauka hadi ikakwama.

Urefu nao upimwe. Gesi ya kiwandani mara nyingi hutosha mita 5 hivi. Bomba likizidi hapo, gesi huongezwa kwa mizani, si kwa kukisia. Kila bomba livikwe sponji yake, maana shaba tupu hutoa jasho na kulowesha ukuta.

Fundi wa viyoyozi,
Malindi