Barua kwa Mwanangu Aliye Mkondo wa Amali

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu sana. Sisi wazima, ila bibi yako miguu inamsumbua. Ripoti ya muhula imefika. Umeme wa majumbani A, na baba yako kila anayepita barazani anaonyeshwa. Ikifika hesabu anaweka kidole juu ya ile F.

Mjomba wako alisema juzi kwamba amali, yaani hayo masomo yenu ya ufundi, ni ya waliofeli, chuo kikuu msahau. Nilimjibu vibaya, halafu nikaenda kwa afisa elimu kata kuuliza kama nilichomjibu ni kweli. Ni kweli. Ninyi mlioanza 2024 mtamaliza kidato cha nne 2027, na mtihani wa taifa wa NECTA mtafanya kama wenzenu. Ukipata hata D nne unaweza kuomba stashahada, iwe DIT, ile taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam, au Chuo cha Ufundi Arusha. Ukitoka huko na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 unaomba shahada, kidato cha tano hukukanyaga. Lakini somo la dini halihesabiwi katika hizo nne, kwa hiyo B yako ya dini usinipambie. Na uhandisi wa umeme wanaangalia hesabu na fizikia. Hesabu, Mwanaidi!

Utaniambia binti wa jirani alipitia chuo cha ufundi stadi cha VETA mpaka ngazi ya tatu akapanda. Njia hiyo ipo. Ila yeye shahada ameianza ana watoto wawili mgongoni, na wewe nakujua huna subira.

Hela ya twisheni ya likizo haikuja, najua. Ilikwenda kwenye bati, na kuvuja ulikuwa unakuona. Lakini mwalimu wa umeme ulimng'ang'ania mpaka akakuazima testa yake. Wa hesabu umemfuata lini? Mfuate huyo, hata kama ni mkali. Hesabu za kidato cha tatu zikikupita, cha nne hutazikuta.

Machungwa hapa Muheza mwaka huu bei haifai, wanunuzi wanatupangia wanavyotaka. Mdogo wako amehamia kitanda chako, utajua mwenyewe utakavyomtoa. Elfu kumi nimempa matroni: tano ya sabuni na mafuta, tano ya kaunta buku la hesabu, siyo chipsi.

Swichi ya chumbani kwa bibi inatoa cheche. Nimezima meni, mafundi wa mtaani wanataka elfu ishirini. Nimewaambia fundi wangu yuko shule.

Mama yako