Mkaguzi wa majengo afundishwe saiti, asiishie kwenye mafaili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wakaguzi wa majengo wa manispaa zetu hapa Dar es Salaam.

Nimesimamia mafundi wa zege kwa miaka 22. Mwaka jana tulikuwa na ghorofa tatu mkononi, nguzo za chini zimeshasukwa. Nguzo mbili sikuzipenda: ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo za wima, ziliachana sentimita 30, na mchoro unasema 15. Mwenye jengo alitaka zege limwagwe jioni ile ile, kwa hiyo alipofika kijana wa ukaguzi nilishukuru, nikajua neno lake litanisaidia. Akaomba kibali, akasoma kibao cha mradi, akaandika. Nikamwomba apime ringi. Akainama, akashika nondo, kisha akaniuliza taratibu, "Mzee, hizi ringi kazi yake nini hasa?"

Sikumcheka. Cheti anacho, na kuuliza kwake kulinipa moyo. Nikamweleza kwamba mzigo ukishuka, nondo za wima hutaka kupinda na kutokeza nje, na ringi ndizo zinazozibana. Akaandika "zisimwagwe", tukazisuka upya. Asingeuliza je?

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa Kariakoo, na ndugu zetu zaidi ya 20 wakafa. Waziri Mkuu akaunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo, na nilifurahi. Lakini timu kama hiyo ina siku zake, ikimaliza inaondoka. Anayebaki na sisi mwaka mzima ni yule kijana wa manispaa.

Wengi wanasema tatizo ni rushwa. Ipo, siikatai. Ila mkaguzi asiyejua anachokitazama atapitisha nguzo mbovu bila hata kupewa senti.

Ombi langu kwa wakurugenzi: mkaguzi mpya akae saiti miezi sita chini ya mhandisi mzoefu kabla ya kuruhusiwa kusaini chochote. Aione nondo ikisukwa, aone biskuti, vile vipande vidogo vya zege, zikiwekwa ili nondo isiguse mbao, ajue zege lililozidishwa maji linavyoonekana kwenye toroli. Aende maabara pale Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), si mbali na Kariakoo, ashuhudie mchemraba wa zege wa siku 28 ukipasuliwa na mashine kupima nguvu yake. Kila mwaka apimwe tena. Na apewe usafiri, maana wengine tunawafuata wenyewe kwa bodaboda.

Mafundi wakuu nasi tuitwe tufundishe. Jumamosi yoyote nitakuja, sitadai malipo.

Fundi mkuu wa zege,
Tabata, Dar es Salaam