Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Lushoto: tuletee mizani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, salaam.

Nakuandikia kutoka Lukozi. Ukipanda kutoka Mombo, kilomita zipatazo 33 za kona tupu hadi Lushoto mjini, unaacha mkonge na joto, unaingia kwenye kabichi, karoti na viazi. Desemba ikifika, mapichi na matunda damu. Shamba langu ni vipande vitatu mteremkoni, kimoja nakifikia kwa kushika majani.

Neno langu ni lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo. Sheria ya Vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi huja na gunia lake, akalijaza, kisha akalishonea kilemba kwa kamba mpaka likanizidi kimo. Msimu uliopita niliazima mizani, nikapima moja: likapita kilo 130. Nikalipwa gunia moja. Kulalamika, nikajibiwa, "Mzee, basi kaa na viazi vyako." Viazi havikai, Mheshimiwa. Na mvua ikinyesha siku mbili, Fuso hazipandi huku, hivyo aliyewahi kufika ndiye anayepanga bei.

Mkulima anayepunjwa hivyo atafidia wapi? Ataongeza shamba, na kwetu shamba haliongezeki kushuka; linapanda, kuelekea msitu wa Magamba na Shume. Msitu huohuo ndio unaotupa vijito vya mifereji yetu. Tumefunzwa kupanda miti na kuchimba makingamaji, tumechimba. Semina ya mizani sijaiona.

Mjerumani, aliyeuita mji wetu Wilhelmstal, alijenga njia ya waya kutoka Shume hadi Mkumbara kushusha mbao za mierezi. Simsifu, alikuja kuchukua. Ila waya ule, nadhani, haukukubali mzigo usiopimwa.

Naomba mizani sokoni Lukozi, yenye mtu wa kuisimamia siku ya soko, si ya kupigiwa picha siku ya uzinduzi. Pia magari yakaguliwe Mombo, maana mzigo mwingi wa huku hushukia pale. Kumkamata mkulima shambani hakusaidii. Gunia si lake, na sindano si yake. Halmashauri nayo ina lake hapa: ushuru ukitozwa kwa gunia, kilemba kinapita bure.

Jina langu nimeliacha kwa makusudi. Wiki mbili zijazo nachimba viazi, na wanunuzi ni walewale.

Mkulima, Lukozi