Dada, usipande kitandani mapema

Gothenburg, 12 Machi

Shikamoo dada Mwanahawa,

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Unasema hii ni wiki ya tatu hupati hata lepe la usingizi, na kwamba ili ufidie umeanza kupanda kitandani saa tatu usiku. Hapo ndipo nilipoona nikuandikie kwa kirefu, maana hiyo saa tatu ndiyo inayokuharibia usiku mzima. Hapa kliniki ya usingizi, kila siku kazi yetu kubwa ni kuwaomba watu wachelewe kulala.

Usingizi una njaa yake. Tangu unapoamka, ubongo unajikusanyia kemikali iitwayo adenosini, na kadiri unavyokaa macho ndivyo inavyorundikana mpaka kope zikawa nzito. Ukipanda saa tatu, njaa hiyo bado haijakomaa. Unajigaragaza, unahesabu madeni, unaikasirikia saa, na siku zikipita mwili unazoea kwamba godoro ni mahali pa kuwazia. Ndiyo maana unasinzia vizuri kwenye kiti wakati wa taarifa ya habari, kisha kichwa kikigusa mto macho yanakauka.

Chukua daftari. Kwa siku 7, kila asubuhi, andika ulipanda saa ngapi, unadhani usingizi ulikushika saa ngapi, usiku ulikaa macho kwa muda gani, na ukatoka kitandani saa ngapi. Kadiria tu, usichungulie simu gizani. Tuseme unakaa kitandani tangu saa tatu hadi saa kumi na moja alfajiri, unapoamka kuwasha jiko la vitumbua. Hayo ni masaa 8. Kama usingizi wenyewe ni masaa 5 na nusu, umelala asilimia 69 tu ya muda wako wa kitandani. Sisi tunatafuta 85.

Kwa hiyo muda wa kitandani unabanwa: masaa 5 na nusu uliyolala, ongeza nusu saa, jumla 6. Saa ya kuamka haiguswi. Ni saa kumi na moja kila siku, hata siku ya mapumziko, hata kama umelala kidogo mno. Kwa hiyo kupanda kitandani ni saa tano usiku. Ukifika wastani wa asilimia 85 kwa wiki nzima, yaani masaa 5 na dakika 6 au zaidi kati ya yale 6, panda dakika 15 mapema wiki inayofuata, uendelee hivyo hadi mchana usiwe na uchovu. Watu wazima wengi wanahitaji masaa 7 na kuendelea, kwa hiyo huko tutafika. Chini ya masaa 5 usijibane kamwe.

Wiki ya kwanza ni ngumu, sikufichi. Utasinzia mchana, na wewe unasimama mbele ya mafuta ya moto. Zile siku za mwanzo mwachie Rehema karai, wewe upokee wateja. Na mtu mwenye kifafa, au anayepandwa na furaha kupita kiasi kisha akaanguka katika huzuni nzito, asijaribu jambo hili bila daktari.

Ukipanda na usingizi usije kwa muda unaodhani ni dakika 20 hivi, toka. Najua chumba ni kimoja na watoto wamelala. Tandika mkeka pembeni, taa hafifu, kaa wima ukikunja nguo au ukileta uradi, urudi kope zikishuka. Ukikosa tena, toka tena. Usiku wa kwanza unaweza kutoka mara nne. Wengi huacha hapo, wakidhani njia imeshindwa, kumbe ndiyo imeanza kufanya kazi. Na zile hesabu za mauzo unazofanya juu ya godoro, zihamishie mezani.

Asubuhi kukipambazuka, kaa nje nusu saa. Saa iliyomo mwilini mwa mtu kwa kawaida huzidi masaa 24 kwa dakika chache, na mwanga wa asubuhi ndio unaoirudisha kwenye mstari. Huku Desemba jua linatoka karibu saa tatu asubuhi, na watu wananunua taa maalumu za kukaa mbele yake. Wewe unalo jua la bure mwaka mzima.

Sasa nije kwenye mawazo. Katika sauti ile kila jambo umeliita “nimechoka”. Shemeji hajarudisha pesa, umechoka. Ada ya Rehema, umechoka. Mama kuhamia kwa kaka, umechoka. Mwaka 1990 Peter Salovey na John Mayer waliandika kuhusu akili hisia: kuzitambua hisia zako na za wenzako, kuzitofautisha, na kuziacha zikuongoze katika unalotenda. Hapo kwenye kutofautisha ndipo penye kazi, na Kiswahili chetu kimejaliwa maneno. La shemeji ni kinyongo. La ada ni hofu. La mama nadhani ni upweke, labda na donge kidogo kwa sababu hukuulizwa. Kinyongo kinataka uzungumze na mtu mmoja, tena mchana. Hofu ya ada inataka kalamu. Upweke hauponi kwa kalamu, unataka uende ukakae na mama Jumamosi. Ukiyafunga yote katika neno moja, hujui uanzie wapi, na usiku yanakuja kwa mkupuo.

Kila siku saa kumi na moja jioni, ukishafunga biashara, kaa dakika 15 na daftari. Piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika jambo na jina la hisia yake, kulia hatua moja ya kesho: “Nimwone mwalimu mkuu, niombe kulipa kwa awamu tatu.” Kama hakuna hatua, andika “haliko mikononi mwangu”. Wazo likirudi usiku, lijibu kwamba limeshaandikwa. Kifua kikibana, vuta pumzi kwa kuhesabu hadi 4, toa kwa kuhesabu hadi 6, kwa dakika 5. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayopunguza mbio za moyo.

Chai ya majani mwisho saa nane mchana. Nusu ya kafeini yake, ile inayofukuza usingizi, huwa bado imo mwilini baada ya masaa kama 5. Jioni kunywa mchaichai. Piriton acha: ni dawa ya mzio, kulevya kwake mwili unakuzoea upesi, kisha inakuachia kinywa kikavu na kichwa kizito asubuhi. Lakini kama jirani amekupa diazepamu, ile dawa ya kutuliza, na umeitumia kwa wiki kadhaa, usiikate ghafla. Nenda hospitali upunguziwe kidogo kidogo.

Muulize mumeo kama unakoroma kisha pumzi inakatika na kurudi kwa kushtuka. Tatizo hilo haliponi kwa daftari, linataka daktari. Vilevile kama kwa wiki mbili hakuna kinachokufurahisha, hata wajukuu.

Nipigie Jumapili hii baada ya alasiri, daftari likiwa mkononi. Tutapiga hesabu pamoja.

Mdogo wako,
Salim